Kung'oa mwani sugu kwenye kuta za tangi la maji ya chumvi

Kabla ya kushika wembe, pitisha ukucha ukutani. Ukucha ukiacha mstari safi, huo ni utando laini tu, wa kahawia au wa kijani, na sumaku ya kusafishia (jozi ya sumaku, moja ndani ya tangi na nyingine nje) inautosha. Vikibaki vidoa vidogo vya kijani kibichi visivyotikisika, hapo kifaa chenye makali kinahitajika. Ukikuta mabaka ya waridi au zambarau, magumu kama jiwe, huo ni mwani wa chokaa. Huu hujijengea ganda la kalsiamu kaboneti, ndiyo maana kitambaa huteleza juu yake bila kuufanya lolote.

Jambo la pili ni kujua ukuta wenyewe ni wa nini. Kioo ukikigonga hutoa mlio mkali, na pembe zake zimeunganishwa kwa mstari wa silikoni unaoonekana. Akriliki ina mlio mzito, na pembe zake hazina silikoni. Akriliki haiguswi na chuma hata mara moja. Tumia kikwangulio cha plastiki au ukingo wa kadi ya benki iliyokwisha muda wake, na ukubali kwamba kazi itachukua muda mrefu zaidi. Mchubuko wa akriliki hupenda kukusanya mwani mpya ndani yake, kwa hiyo haraka ya leo utailipa kila wiki.

Maandalizi

Zima hita kabla ya kuingiza mkono, na uiache imezimwa iwapo utapunguza maji, kwa sababu hita ikibaki hewani ikiwa na moto hupasuka. Nawa mikono hadi kwenye viwiko kwa maji matupu. Sabuni, losheni na dawa za kusafishia nyumba zisifike karibu na tangi. Kama unafuga zoanthidi, wanyama laini wa jamii ya matumbawe, vaa glavu ndefu na miwani ya kukinga macho. Baadhi yao wana palitoksini, sumu kali inayoweza kuingia kwenye kidonda au kurukia jicho wakijeruhiwa na kikwangulio.

Kukwangua kioo

Chagua wembe wa chuma kisichoshika kutu, uliofungwa kwenye mpini mrefu. Wembe wa kawaida hushika kutu upesi kwenye maji ya chumvi, na makali yaliyoliwa na kutu huchora kioo.

Laza wembe ukiwa na mwinamo wa nyuzi 30 hivi. Ukiusimamisha zaidi, utarukaruka na kuacha mistari ya mwani katikati. Anzia juu, sukuma kwa mwelekeo mmoja, mapigo mafupi, kila pigo likipanda kidogo juu ya lililotangulia. Usiurudishe nyuma ukiwa bado umegusa kioo. Mkono ukihisi makali yanakwama mahali pamoja, toa wembe uutazame: pengo dogo kwenye ncha yake latosha kuharibu ukuta mzima, na ubadilishe papo hapo.

Simama kama sentimita moja kabla ya silikoni. Wembe ukiikata, maji huanza kujipenyeza taratibu, na mwenye tangi hugundua mambo yamekwisha haribika. Kwenye pembe tumia mswaki mpya au kadi ya plastiki, na kama mwani wa chokaa umeng'ang'ania silikoni yenyewe, uache ulipo.

Hatari kubwa zaidi iko chini, karibu na mchanga. Punje ya mchanga wa kwatzi ni ngumu kuliko kioo, na ikinaswa kati ya sumaku na ukuta itachora mstari usiofutika. Hata mchanga wa aragoniti, ulio laini zaidi, unatosha kuharibu akriliki. Ishie sentimita 3 juu ya mchanga unapotumia sumaku, kisha sehemu iliyobaki imalizie kwa wembe wa mpini, ukikwangua kutoka chini kwenda juu. Sumaku ikianguka mchangani, usiiburute kuipandisha. Itoe kwa mkono, isuuze, uipapase kwa kidole, ndipo uirudishe.

Mwani wa chokaa hukatika vipande vinavyoangukia matumbawe na mchanga. Zima pampu za mkondo, shika mpira wa kunyonyea maji chini kidogo ya wembe, na ufanye kazi hii siku ya kubadilisha maji, ukitoa asilimia 10 hadi 15. Kwa maoni yetu, usiusake kila mahali. Kustawi kwake ni dalili kwamba kalsiamu na alikalini (uwezo wa maji kuzuia tindikali) ziko sawa. Safisha ukuta wa mbele, uache wa nyuma uvae zambarau. Kidoa chake kikiwa bado kidogo kama kichwa cha pini hung'oka kwa pigo moja, kwa hiyo kupita mara moja kwa wiki kunapunguza kazi kuliko kifaa chochote.

Pampu na vifaa vilivyofunikwa na chokaa vitoe nje, uviloweke kwenye ndoo ya siki na maji, nusu kwa nusu, kwa saa moja. Siki hulainisha ganda kwa kuyeyusha kaboneti, na mapovu ndiyo dalili kwamba inafanya kazi. Suuza vizuri kabla ya kurudisha. Usimwage siki ndani ya tangi: hushusha pH, yaani huongeza tindikali ya maji, na bakteria wakiishambulia humaliza oksijeni ya samaki.

Ukirudi baada ya siku mbili

Ukuta ukigeuka kijani tena ndani ya siku mbili, chanzo kimo ndani ya maji. Pima nitreti na fosfeti, virutubisho vinavyolisha mwani. Nitreti kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1, ni viwango vinavyofaa matangi mengi ya matumbawe. Usidanganyike na kipimo kinachosoma sifuri wakati ukuta umejaa, kwani huenda mwani wenyewe umeshainyonya fosfeti yote. Punguza chakula, shusha mwanga hadi saa 8 kwa siku, na ujazie maji yaliyochujwa kwa osmosisi kinyume (kusukumwa kupitia utando mwembamba unaobakiza uchafu), maana ya bomba huweza kuleta fosfeti na silikati. Silikati ndiyo hulisha utando wa kahawia wa tangi jipya, ambao kwa kawaida hutoweka wenyewe baada ya wiki kadhaa.

Konokono wa Trochus na Turbo husaidia sana kwenye utando, ila vidoa vigumu huwashinda. Astraea nao hula vizuri, lakini wakipinduka mchangani mara nyingi hawawezi kujigeuza, hivyo wachungulie kila siku.

Ukimaliza, washa pampu na hita, na suuza wembe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uukaushe. Soksi ya chujio, yaani mfuko wa kitambaa unaonasa uchafu wa maji, itoe na kuifua kesho yake, kabla mwani ulionaswa haujaoza na kurudisha fosfeti ile ile majini.