Kabla bahasha ya kimeta haijafika

Kamati nyingi zikikaa kupima hatari ya shambulio la kimeta (anthrax, ugonjwa wa bakteria) huanza na swali la nani atalengwa. Marekani nayo ilianzia hapo mwaka 2001. Barua yenye kimeta ilipofunguliwa ofisini kwa Seneta Tom Daschle tarehe 15 Oktoba, watu wa Bunge walipimwa na kupewa dawa upesi. Wafanyakazi walioichambua barua hiyo katika kituo cha posta cha Brentwood, Washington, waliendelea na zamu hadi tarehe 21, maana iliaminika bahasha iliyofungwa kwa gundi haivuji. Wawili kati yao walifariki. Mashambulizi yote ya mwaka ule yaliwaambukiza watu 22, wakafa 5.

Basi ukipanga maandalizi ya hospitali au wilaya yako, ifuate barua yenyewe: tarishi, karani wa mapokezi, mfagiaji. Majina na zamu zao ziandikwe mahali panapofikika hata usiku wa manane. Wafundishwe kutoitikisa bahasha ya mashaka: waiache ilipo, wafunge mlango, wanawe kwa sabuni, watoe taarifa.

Pia kijue kimeta cha kawaida. Afrika Mashariki hakihitaji gaidi. Wafugaji na wachinjaji hukipata kwa mizoga, mara nyingi kikiacha kidonda cheusi ngozini. Kwa hiyo namba ya daktari wa mifugo iwe karibu na ya maabara (aghalabu ya daktari huyo haipo kabisa). Wa kukushtua ni mgonjwa wa kimeta cha mapafu asiyegusa ng'ombe wala ngozi za wanyama. Kule Florida, mgonjwa wa kwanza kufariki katika mashambulizi ya 2001 alitambuliwa baada ya maji ya uti wa mgongo wake kuwekwa chini ya hadubini. Hadubini tunazo, je, zamu ya Jumapili ina mtu wa kuitumia?

Dawa, yaani doksisaiklini na siprofloksasini, si adimu. Kosa huwa kwenye hesabu: aliyevuta spora (mbegu za bakteria wa kimeta) hutakiwa kumeza siku 60, si 7, na kule Marekani wengi waliacha njiani. Panga nani atawafuatilia. Wodi ya kuwatenga usiihangaikie sana, kwani kimeta cha mapafu hakirukii mtu kwa mtu.

Mwisho, msemaji. Oktoba hiyohiyo ya 2001 Nairobi ilitangaziwa barua yenye kimeta. Vipimo vya baadaye vikaonyesha sicho. Amueni mapema ni jibu la maabara ipi litasubiriwa kabla ya mtu kushika maikrofoni.