Umetazama jabalini? Matayarisho ya safari ya Ijumaa ukiishi Maskati

Mzee mmoja Mwomani aliyezaliwa Unguja, ambaye Kiswahili chake kinanishinda mimi niliyetoka Tanga juzi, aliniuliza Alhamisi moja jioni tunakwenda wapi kesho. Nikamwambia Wadi Shab. Akaniuliza, "Umetazama jabalini?" yaani hali ya hewa ya huko mlimani. Nikamjibu kwamba simu inaonyesha jua tupu Maskati kutwa. Akacheka. "Mwanangu, maji ya wadi hayatoki Maskati."

Kwa hiyo naanzia hapo. Wadi ni bonde la mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mkavu, au una madimbwi tu. Milima ya Hajar iliyosimama nyuma ya pwani ni mawe matupu: hakuna udongo wa kunywa mvua wala msitu wa kuichelewesha. Mvua ikipiga huko juu hata kwa muda mfupi, maji yote huteremka kwa pamoja na kupitia korongo lile lile unaloogelea, na wewe uliye chini hujaona hata wingu. Aprili 2024, huko Samad al-Shan, mafuriko ya namna hiyo yalizoa gari lililobeba wanafunzi, na watoto kadhaa wakafa. Ukitaja safari ya wadi mbele ya Mwomani mtu mzima leo, kwanza atanyamaza kidogo.

Basi usiku wa Alhamisi tazama utabiri wa milimani na wa miji ya ndani, usitosheke na wa mjini kwako. Sikiliza pia neno *munkhafadh*. Ndilo wanalotumia hapa kwa hali ya mgandamizo mdogo wa hewa inayoleta mvua kubwa, na likishaanza kusemwa kazini na dukani, achana na wadi wiki hiyo. Nenda ufukweni, nenda sokoni, lala. Ukiwa tayari umo ndani ya korongo na maji yakabadilika rangi, yakawa ya udongo au yakaanza kuleta majani na vijiti, panda juu papo hapo. Begi liache. Nimeona watu wakirudi kuokota kandambili.

Wadi Shab yenyewe iko karibu na Tiwi, kwenye barabara ya pwani iendayo Sur, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Maskati. Unaegesha gari chini ya daraja kubwa la barabara kuu, unalipa riali moja, na mashua ndogo inakuvusha upande wa pili. Toka hapo unatembea juu ya mawe kama dakika 45, kisha njia inakwisha na unaobaki ni mwendo wa kuogelea, dimbwi baada ya dimbwi, mpaka ufa mwembamba unaopitisha kichwa tu, ndani yake pango lenye maporomoko. Hapa niseme ukweli ambao sisi watu wa pwani hatupendi kuusema: kuzaliwa karibu na bahari si kujua kuogelea. Katika kundi letu la watu saba, wanne walijisifu kwenye gari na wawili ndio waliofika pangoni. Wengine walikaa juu ya jiwe wakilinda simu. Kama mna watoto au watu wazima wa aina hiyo, Wadi Bani Khalid inawafaa zaidi, ingawa ni mbali zaidi; madimbwi yake yako wazi na huhitaji kutembea sana. Popote mwendako, chukueni raba zinazokubali kulowa, mfuko usioingiza maji, na nguo ya kuogea inayofunika mabega na magoti. Hizi ni sehemu za vijiji, na wenyeji huja na familia zao. Na yule mwenye mashua muulize mapema anaacha kuvusha saa ngapi.

Saa! Hili nalo lina kisa chake. Tulifungua kundi la WhatsApp la safari, nikaandika: "Tunaondoka saa 1 kamili, msichelewe." Mmoja wetu ni kijana aliyezaliwa hapa hapa, Kiswahili anakizungumza na bibi yake nyumbani, lakini saa anaisoma Kiarabu. Saa moja asubuhi sisi tuko barabarani tunampigia, simu imezimwa, yeye kalala. Akajitokeza saa moja yake, yaani saa saba yetu mchana, kakodi teksi na kabeba birika la chai. Tangu siku ile kundini tunaandika 07:00, hata kama tunaloandikiana lote ni Kiswahili.

Gari. Nina aibu kidogo na sehemu hii. Tulikodi gari dogo la bei nafuu tukitaka kupanda Jabal Akhdar, ambako joto la Maskati hulisikii, na majira ya kuchipua waridi wa kukamulia maji ya marashi huchumwa kwenye ngazi za mashamba. Huko Birkat al-Mouz, mguuni mwa mlima, kuna kizuizi cha polisi, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halipandi. Haijalishi dereva ni hodari kiasi gani au amesafiri kutoka wapi. Askari alilitazama gari letu, akatutazama sisi, akatuonyesha kwa mkono mahali pa kugeuzia. Hakukasirika, nadhani anafanya hivyo mara ishirini kila Ijumaa. Kosa lilikuwa letu, la kutouliza kabla ya kulipa. Na hata mwenye gari linaloruhusiwa ajue kwamba kazi kubwa ni kushuka: teremka kwa gia ndogo, maana ukikanyaga breki njia nzima zitapata moto zikukatae.

Tukageuza, tukasema twende basi soko la mbuzi la Nizwa, liko karibu. Lipo, na ni la Ijumaa kweli, wanyama wanazungushwa na wanunuzi wamesimama katikati wakitaja bei. Lakini linaanza alfajiri, na sisi tulifika saa nne na nusu. Tulikuta samadi na mbuzi mmoja anayepakiwa kwenye pikapu. Kutafuta chakula baada ya hapo nako ni somo: kuelekea swala ya Ijumaa maduka na migahawa mingi hufungwa mpaka baada ya saa nane hivi. Fungasheni chapati na mayai ya kuchemsha nyumbani.

Mengine nitayapitia haraka. Petroli ijazwe barabara kuu kabla ya kuchepuka. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko mnavyodhani, na kuanzia Mei mpaka Septemba bora mngoje kabisa. Joto hupita nyuzi 40, na mawe ya korongo huongeza lake. Kadi ya ukaazi na leseni ziwe mfukoni. Ndani ya wadi mtandao hukatika, kwa hiyo mwachieni mtu mjini jina la mahali na saa mnayotarajia kurudi, na namba ya dharura, 9999, mjue wote. Mkifikiria Musandam, ile sehemu ya Oman iliyo peke yake kaskazini, kwa gari, kumbukeni njia inapita Emirati: pasipoti, viza, na bima ya gari inayokubalika upande ule. Salalah, mji wa kusini, iko karibu kilomita 1,000, msimruhusu mtu awaambie ni ya kwenda na kurudi siku moja. Na wale dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani, ambao mapumziko yao ni siku moja na pengine wanatakiwa warudi kabla ya magharibi, ratiba ipangwe kwa saa yao, si kwa saa ya mwenye gari.

Magharibi yenyewe huja mapema kuliko mtu anavyohesabu. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na mbili, na barabarani kuna ngamia. Usiku hawaonekani mpaka taa ziwapige miguuni, na mwili wenyewe uko usawa wa kioo.

Mara ya mwisho tulipokuwa tukirudi kutoka miji ya ndani, mvua ilikuwa imeshuka mlimani mchana. Mahali barabara inapokata wadi, kwenye vile vigingi vya rangi nyekundu na nyeupe vinavyopima kina, maji ya kahawia yalikuwa yanapita kwa kelele. Pikapu mbili zilivuka mbele yetu. Kuvuka wadi inayotiririka ni kosa kisheria, linaweza kukutia faini na hata kifungo, lakini nakiri kwamba dereva wetu hakuwa anafikiria sheria. Alikuwa anafikiria zamu yake ya asubuhi. Tukamnyang'anya ufunguo. Tulikaa saa mbili na robo kando ya barabara, tukamaliza mayai, tukampigia yule mzee kumwambia tumekwama. Akauliza maji yamefika kigingi cha ngapi. Tukamwambia. Akasema, "Kaeni hapo hapo, nitawapigia mimi kazini kwenu asubuhi."