Nyumba ya bati Tabora: toa joto darini kwanza

Joto la Oktoba katika nyumba nyingi za Tabora linatoka juu kuliko dirishani. Saa tisa alasiri panda kwenye stuli, kiganja kiwe karibu na dari bila kuigusa. Ukihisi fukuto, hewa iliyonaswa chini ya bati ndiyo inayowapika, na feni itaizungusha tu.

Mara nyingi fundi ameziba chini ya mapaa, yaani sehemu ya paa inayochomoza nje ya ukuta, kwa mbao ili nyumba ipendeze, asiache tundu hata moja. Toboeni.

Jumla ya matundu iwe angalau sehemu 1 ya 150 ya eneo la dari. Nyumba ya mita 9 kwa 10 ina dari ya mita za mraba 90, hivyo inataka mita za mraba 0.6. Nusu iwe chini ya mapaa: matundu 10 ya sentimita 15 kwa 20, matano kila upande mrefu. Nusu iwe juu, kwenye kuta za pembetatu zinazobeba paa: tundu moja la sentimita 30 kwa 50 kila ukuta, karibu na kilele. Hewa ya moto hupanda ikatoka, ya chini ikaingia. Ukitoboa chini tu, utategemea upepo.

Wekeni waya wa matundu ya milimita 6 kuzuia popo. Wavu wa mbu haufai hapo. Vumbi la kiangazi huuziba. Waya nao hula nafasi, kwa hiyo ongezeni matundu mawili. Yale ya juu yawekewe mbao zilizoinamishwa kuelekea nje, la sivyo mvua ya Novemba italowesha dari.

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma hufunguka nusu tu. Ya bawaba hufunguka yote. Na msiige Dar es Salaam kwa kuyaacha wazi kutwa. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, usiku wake hupoa. Fungueni jua likizama hadi asubuhi, tofali zipoe. Fungeni saa nne hadi saa kumi na moja jioni, mapazia yakiwa yameshushwa.

Upande wa magharibi pandeni mwembe, mita 6 hadi 8 kutoka ukutani. Mpaka ukue, turubai kwenye nguzo mbili, nusu mita kutoka ukutani, itakinga jua la saa kumi.