Unapopatwa na Mateso: Namna ya Kuyabeba kwa Imani

Maelezo haya ni kwa ajili ya Mkristo aliyefiwa, anayeuguza, aliyeachwa au aliyepoteza alichokitegemea, na pia kwa ajili ya ndugu na wanajumuiya wanaokwenda kumwona. Ninayaandika nikiwa Masasi, na mifano yangu ni ya huku kwetu Kusini, lakini Maandiko ninayoyategemea ni yale yale yanayosomwa kila mahali.

Jambo la kwanza ni kwamba usianze kwa kutafuta maana ya mateso yako. Anza kwa kumlilia Mungu. Wakristo wengi tumelelewa tukiamini kwamba kulalamika mbele za Mungu ni upungufu wa imani, na kwa sababu hiyo mtu aliyezika mtoto wake juzi hulazimika kusema "Mungu ni mwema" mbele ya wageni huku moyo wake ukikataa. Biblia haimtaki afanye hivyo. Zaburi nyingi ni vilio. Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu "Hata lini?" mara nne katika mistari miwili, na Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila neno hata moja la kufungia kwa furaha. Bwana wetu mwenyewe msalabani alitumia maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Na kaburini kwa Lazaro, ingawa alijua kwamba muda si mrefu atamwita atoke, Yesu alilia machozi.

Basi fanya hivi. Asubuhi, kabla watu hawajaanza kuingia nyumbani, soma Zaburi ya 13 kwa sauti, hata kama ni sauti ya chini. Ukifika kwenye maneno "Hata lini", simama, utaje jambo lako kama lilivyo: hata lini mwanangu atalala katika kitanda hiki, hata lini nitadaiwa ada nisiyo nayo, hata lini nitaamka usiku nikimtafuta mtu ambaye hayupo. Usiyapambe maneno. Siku ambayo huna maneno kabisa, kaa kimya na kuugua kwako, kwa maana Mtakatifu Paulo anafundisha katika Warumi 8:26 kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Huenda mwisho wa zaburi, mahali mwandishi anaposema amezitumainia fadhili za Mungu, utashindwa kupasoma kwa dhati. Pasome hata hivyo, au mwombe mwenzako akusomee.

Jambo la pili ni gumu zaidi katika mazingira yetu. Kifo cha kijana, ugonjwa usioeleweka au mkosi unaojirudia katika nyumba moja haupiti bila watu kunong'ona juu ya nani amehusika. Kidole huelekezwa kwa bibi kizee asiye na mtetezi, kwa mke mwenza au kwa jirani ambaye mikorosho yake imezaa vizuri mwaka huo. Wengine ni Wakristo wanaopokea Komunyo Jumapili na Jumatatu wanapiga ramli. Ninasema wazi kwamba huko hakuna maana wala faraja, kuna msiba wa pili juu ya ule wa kwanza. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye akakataa majibu yote mawili. Vivyo hivyo aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akasema hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu.

Kwa hiyo familia ikubaliane mapema, kwa kinywa cha mzee anayesikilizwa, kwamba hakuna atakayekwenda kwa mpiga ramli kwa jina la mgonjwa au la marehemu. Mgonjwa apelekwe hospitali, na anayemuuguza amwombe daktari amtajie ugonjwa kwa jina lake na amweleze umefikia wapi, kwa sababu palipo na maelezo yanayoeleweka uvumi hukosa nafasi. Kumwita padri au mchungaji aje kumwombea na kumpaka mafuta, kama Yakobo 5:14 inavyoagiza, hakushindani na dawa hata kidogo. Ndiyo maana hapa kwetu, Ndanda na Nyangao, misheni na hospitali vimekaa pamoja kwa miaka mingi.

Sasa niseme na wewe unayekwenda kufariji. Marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja jema sana: waliketi naye chini siku saba bila kusema neno. Waliharibu walipofungua vinywa na kuanza kumtafutia kosa, na katika sura ya 42 Mungu mwenyewe anawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa. Usimwambie mfiwa kwamba Mungu amempenda marehemu zaidi, au kwamba kama angalikuwa na imani mgonjwa angalipona. Salamu za pole na ukimya wako vinatosha. Baada ya hapo tafuta kazi ya kufanya: teka maji, chanja kuni, menya muhogo, kaa na watoto.

Nimeona jambo hili likifanyika vizuri. Mama mmoja wa jumuiya yetu alifiwa na mumewe wakati wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, na ubwiri unga, ugonjwa unaoshambulia mikorosho, haumsubiri mtu amalize matanga. Wanajumuiya, pamoja na majirani wawili Waislamu, walifika shambani kwake alfajiri na mashine ya kupulizia, saa ambayo upepo umetulia na majani bado yana umande, ili unga wa salfa ushike. Yeye alisimama pembezoni mwa shamba, kanga ameivuta hadi usoni, asiseme kitu. Walipofika mstari wa mwisho alirudi nyumbani akawasha moto jikoni, jambo ambalo tangu maziko lilikuwa likifanywa na dada zake, akawapikia uji. Hakuna mahubiri yaliyotolewa asubuhi ile, na sidhani kama yalihitajika.

Kuna mateso ambayo hayapaswi kubebwa kwa uvumilivu. Mwanamke anayepigwa, au mtoto anayenyanyaswa, asiambiwe abebe msalaba wake. Msalaba wa Kristo ulichukuliwa kwa hiari kwa ajili ya wokovu wa wengine, wala haukuwekwa ili mwovu apate nafasi ya kuendelea na uovu wake. Mtu huyo apelekwe mahali salama, na taarifa ifikishwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Vilevile anayesema kwamba amechoka kuishi asiachwe peke yake hata saa moja, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na maana, je? Kwa ninavyoona mimi, huja nyuma ya mateso, mara nyingi baada ya miaka, nayo haigeuzi ubaya kuwa wema. Tazama Kanisa la Masasi lilivyoanza. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na watu waliokombolewa utumwani, wakapita Lindi kwa nia ya kusonga hadi nchi za Nyasa, lakini wakaishia kujenga hapa. Watu wale walikuwa wameng'olewa kwao na kuuzwa, na mwaka 1882 kijiji chao kikavamiwa na Wangoni, wengine wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Baadaye, vita vya Majimaji vilipofika mwaka 1905, misheni za Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa, na njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala iliua watu wengi kuliko risasi. Ndanda ilianzishwa mwaka 1906, katikati ya majeraha hayo. Mtu hawezi kusema utumwa ulikuwa mzuri kwa sababu Kanisa lilizaliwa. Anachoweza kusema ni kwamba Mungu hakuwaacha waliotumikishwa, na kwamba imani tuliyonayo tuliipokea kutoka mikononi mwa watu walioumizwa.

Nawe utakapopata nguvu, pengine baada ya mwaka au zaidi, mtafute mtu mmoja mwenye jeraha kama lako. Paulo anasema katika 2 Wakorintho 1:4 kwamba tunafarijiwa ili tupate kuwafariji wengine. Aliyezika mtoto anajua namna ya kukaa na mzazi mwenzake aliyefiwa kuliko mhubiri yeyote. Usiharakishe hatua hii, wala mtu asikusukume.

Kuhusu tumaini, Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwaambia wasihuzunike kama wasio na matumaini, akataja sababu, kwamba Yesu alikufa na akafufuka. Tumaini hilo linahitaji kushikwa kwa matendo yanayoonekana. Andikisha jina la marehemu wako parokiani kwa ajili ya ibada ya tarehe 2 Novemba. Nenda makaburini kabla ya siku hiyo ukafyeke majani na kusimamisha msalaba ulioinama, uende na watoto, na uwaambie waziwazi jina la aliyelala pale na kwamba mnangoja kuonana naye.