Usikate tamaa kabla Kombi haijanguruma
Anayefumua injini ya Volkswagen Kombi ya zamani, ile ya silinda 4 inayopozwa kwa hewa, aigawe kazi katika vipande vinavyokamilika jioni moja, na kila kilichokamilika akifungie ndani ya ndoo yenye mfuniko, kwa kuwa vumbi la kiangazi hapa Dodoma hupenya hata kabatini na hakuna kinachovunja moyo kama kuosha beringi mara ya pili. Mimi huacha makusudi kazi moja nyepesi, kama kuvisha pistoni ringi zake, ili kesho nisianze na fumbo. Vipuri vikichelewa kutoka Dar es Salaam, ninasafisha mabati yanayoelekeza hewa kwenye silinda. Wengi huyadharau, ilhali bila hayo injini huchemka.