Somo: Kuuza nguo za watoto za mtumba kwa mnada wa mtandaoni, kwa anayeanza

Watu wa Kusini mwa Tanzania hatuhitaji kufundishwa mnada. Kila msimu wa korosho, kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea, hata mtoto wa shule anajua leo kilo imefika ngapi. Ila korosho zinapofika mnadani zimeshapimwa na kupangwa madaraja ghalani. Gauni la mtoto halina mtu wa kulipangia daraja isipokuwa wewe unayeliuza. Mama aliyeko Ruangwa anatoa dau kwa nguo ambayo hajaivuta lastiki wala hajaigeuza ndani nje kama angefanya sokoni. Akinunua kwako mara ya pili, ni kwa sababu mara ya kwanza ulimwambia kila kitu.

Nachukulia mnada wako utafanyika kwenye grupu la WhatsApp, maana ndiko wateja wetu waliko. Minada ya eBay, iliyoanza Marekani mwaka 1995, inaendeshwa na mtambo: unahesabu muda, unapandisha madau na kumtaja mshindi. Kwenye grupu kazi hiyo yote ni yako, kwa hiyo kanuni zako ziandikwe kabla hujaweka picha hata moja.

Hatua ya 1: Chagua

Anza na nguo 10 au 15 tu. Kila moja ivute, igeuze, iangalie mchana kwenye mwanga. Lastiki ya kiuno ukiivuta ikalia kama inakatika, imekufa. Ibadilishe au iache. Zipu ipande na kushuka hadi mwisho. Vifungo vya nguo za vichanga vivute kimoja kimoja, kwa sababu kifungo kilicholegea huishia mdomoni mwa mtoto. Kamba za shingoni na za kofia ya sweta zitoe kabisa, zinaweza kumkaba mtoto akiwa anacheza.

Nguo za ndani usiuze. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limepiga marufuku nguo za ndani za mtumba, na hata kama isingekuwa marufuku, chupi iliyokwisha kuvaliwa haimfai mtoto wa mtu.

Hatua ya 2: Fua, anika, piga pasi

Fua zote, hata zinazoonekana safi. Nguo za rangi zigeuze ndani nje ndipo uanike, jua la Mtwara linapausha nyeusi na bluu haraka sana. Jik weka kwenye pamba nyeupe pekee. Ikigusa lastiki au nailoni inaigeuza kuwa ya njano, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo, hutoa hewa yenye sumu.

Doa la maziwa au uji loweka kwenye maji ya baridi kwanza, maana ya moto yanalikaanga ndani ya kitambaa. Doa la bibo, lile tunda la mkorosho, ni habari nyingine. Wote tumelelewa tukikatazwa kula mabibo na nguo nzuri, na tunajua kwa nini. Ukilikuta, usipoteze sabuni. Liandike kwenye maelezo na ushushe bei ya kuanzia.

Pasi si urembo. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, hasa zikiwa na unyevu, na funza wake hupenya ngozi na kuvimba kama jipu. Ngozi ya kichanga inaumia vibaya. Pasi ya moto kila upande, ukikazia mishono na ukanda wa kiuno, huyaua mayai hayo. Nguo isiyovumilia pasi ikaushe ndani ya nyumba.

Hatua ya 3: Pima, usiamini lebo

Hapa ndipo wanaoanza wengi wanapopoteza wateja. Lebo za mtumba zinatoka nchi nyingi na kila moja inahesabu kivyake. Ukiona 92, 98, 104 au 110, ni nguo ya Ulaya na namba hiyo ni urefu wa mtoto kwa sentimita, siyo umri. 98 inaendana na mtoto wa miaka 2 hadi 3, na 110 miaka 4 hadi 5. Ukiona 12M, M hiyo ni miezi. 2T na 3T ni za Marekani kwa watoto wadogo wanaotembea, na mara nyingi suruali zake zimeachiwa nafasi ya nepi.

Halafu hata umri wenyewe haueleweki: mtoto wa miaka mitatu wa kwenu na wa jirani hawalingani. Chukua tepu ya fundi cherehani, tandaza nguo mezani, pima kwapa hadi kwapa, bega hadi pindo, na kiuno kikiwa kimelala. Suruali ongeza urefu wa mguu kwa ndani. Andika sentimita. Mama mwenye gauni moja linalomtosha mwanawe atapima lile na kulinganisha na lako, na hatakupigia simu usiku kuuliza.

Hatua ya 4: Picha na maelezo

Piga picha asubuhi karibu na dirisha au barazani, nguo imetandazwa juu ya shuka la rangi moja. Kanga yenye jina na maua mengi huiba macho. Picha nne zinatosha: mbele, nyuma, lebo, na kasoro. Ya kasoro piga kwa karibu, weka kidole pembeni ili ukubwa wake uonekane.

Maelezo yawe mafupi, kwa mfano:

*Na. 7. Gauni la pamba, njano. Lebo 104. Kwapa 31, urefu 58. Doa dogo la bibo pindoni kushoto, halitoki. Kuanzia 2,000.*

Wengi wanaogopa kuandika doa wakidhani litaua bei. Linapunguza kidogo, kweli. Lakini doa lililofichwa likigunduliwa Masasi, utarudisha hela na nauli ya mzigo, na habari zako zitakuwa zimeshafika kwenye magrupu mengine.

Nguo za vichanga za miezi 0 hadi 3 usiziuze moja moja. Zinavaliwa muda mfupi, kila mtu anazo, na bei haipandi. Funga fungu la tano au sita za saizi moja, upige mnada fungu zima.

Hatua ya 5: Kanuni

Ziweke juu ya grupu siku moja kabla. Taja bei ya kuanzia, dau linapanda kwa shilingi ngapi (500 inafaa kwa nguo nyingi), muda wa kufunga, nani analipa usafiri, na mshindi alipe lini.

Muda wa kufunga uandike kwa namna mbili: "saa 3:00 usiku, simu inasoma 21:00". Ukiandika "3:00" peke yake, kuna mtu atakuja asubuhi. Ongeza na hii: dau likiingia ndani ya dakika 5 za mwisho, muda unasogea dakika 5 mbele, hadi pawe kimya. Bila kanuni hiyo wenye mtandao mzuri watavizia sekunde ya mwisho, na mama wa kijijini ambaye mtandao wake unasuasua atashindwa kila siku. Mimi naiona ni kanuni ya haki kuliko zote.

Hatua ya 6: Usiku wa mnada

Weka nguo moja na namba yake, na kila dau lije kwa kujibu picha ile ile, siyo kuandikwa tu chini. Dau la inboksi lisihesabiwe, hata likitoka kwa shangazi yako. Piga skrinshoti mara kwa mara, kwa sababu WhatsApp inamruhusu mtu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, na kuufuta hata baada ya hapo. Dau lililohaririwa linaonyesha alama. Tangaza mapema kwamba halihesabiki. Ukifunga, andika namba ya nguo, mshindi na bei, kisha fungia grupu ili admini pekee aweze kuandika.

Hatua ya 7: Malipo na kutuma

Pesa kwanza, mzigo baadaye. Usiridhike na SMS ya malipo ya simu peke yake, kuna za kughushi zinazofanana kabisa na za kweli. Angalia salio lako kwenye menyu. Mtu akikuambia "nimetuma zaidi, nirudishie", mwelekeze kwa huduma kwa wateja ya mtandao wake. Wewe usirudishe mwenyewe.

Mtwara mjini tumia bodaboda unayemfahamu. Mzigo wa mbali peleka stendi ya Mkanaledi, andika jina na simu ya mpokeaji pande mbili, chukua risiti, mtumie mteja picha ya risiti na ya basi. Kumbuka basi la Masasi na la Lindi yanaachana Mnazi Mmoja ya Lindi, kwa hiyo usikubali "weka tu kwenye lolote".

Maswali ya wanachama

*Mama wa mapacha, Masasi: Shikamoo dada. Nianze na belo au na nguo za wanangu zilizowabana?*

Marahaba. Za wanao. Historia yake unaijua, hasara hakuna. Belo limefungwa, hujui kilichomo, na la watoto linaweza kuja na makoti mazito nusu nzima. Ukishazoea, nenda sokoni asubuhi wanapofungua mzigo, uchague moja moja. Utalipa zaidi kwa kila nguo, lakini hutabaki na lundo.

*Kijana wa Mikindani: Grupu limepoa. Naweza kumwomba dada yangu atoe madau ya kuchangamsha?*

Hapana, mdogo wangu. Huo ni wizi, maana mteja anashindana na mtu asiyetaka kununua. Grupu likipoa, punguza nguo na ushushe bei ya kuanzia. Nguo inayoanzia 1,000 inaita watu.

*Muuzaji mpya, Kilwa Masoko: Mshindi asipolipa?*

Mpe hadi saa 4 asubuhi ya kesho yake. Ikipita, mfuate wa pili, naye alipe dau lake mwenyewe, siyo la yule aliyekimbia. Aliyekimbia mara mbili mtoe.

*Huyo huyo: Na anayesema nguo haimtoshi mtoto?*

Pima tena mbele yake kwa picha. Vipimo vyako vikiwa sahihi, hurudishi. Ukiwa umekosea hata sentimita 3, rudisha hela yote pamoja na usafiri, bila maneno.

*Mama Lindi: Nguo inapendeza mtoto akiivaa. Nimpige picha wangu?*

Mimi nakusihi usifanye hivyo. Picha ikishaingia kwenye grupu la watu mia kadhaa huijui inakwenda wapi, na mtoto hana uwezo wa kukukatalia. Wa jirani ndiyo kabisa: kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtoto ni taarifa yake. Tumia kiango cha nguo.

*Mwalimu, Newala: Nina masweta mazito, Mtwara mjini hayana soko.*

Usiyapeleke Mtwara, mwalimu wangu. Kaa nayo huko huko juu. Kipupwe cha Juni na Julai Newala mnakijua wenyewe, na watu wa uwanda wa juu wanatafuta sweta la mtoto. Yapige mnada mwishoni mwa Mei. Yenye rangi za sare yatenge hadi Januari, shule zikifunguliwa.

*Mama wa Tandahimba: Siku gani nzuri ya mnada?*

Kwa huku kwetu fuata pesa ya korosho. Msimu unaanza Oktoba, lakini mkulima halipwi siku ya mnada, husubiri malipo yaingie kupitia chama chake. Ulizia kwenye AMCOS (chama cha ushirika) ya kijiji wameingiziwa lini, uweke mnada siku mbili tatu baadaye, jioni, watu wakiwa wamesharudi nyumbani.