Kufumua sweta kuukuu na kufuma blanketi: njia ya kutosheka na vilivyomo nyumbani

Mwezi wa Juni, baridi ya Nairobi ilipoanza kuingia, binti wa kaka yangu aliyekuwa amehamia chumba kimoja mtaani Umoja alinijia na ombi la kumsindikiza Gikomba akanunue blanketi. Nilimwomba kwanza anionyeshe chumba chake. Chini ya kitanda kulikuwa na magunia mawili ya nguo asizozivaa, na ndani yake sweta tano. "Shangazi, hizo ni za kutupa," aliniambia. Hatukwenda Gikomba. Mwongozo huu unaeleza tulichokifanya katika majuma yaliyofuata, pamoja na yale niliyojifunza kwa taabu miaka kadhaa kabla yake, nilipokuwa nikinunua kitu kila mwisho wa mwezi na bado nikihisi kwamba nyumba yangu imepungukiwa.

Hatua ya kwanza: punguza vitu

Anza jikoni, wala usianze na barua au picha, kwa sababu picha moja ya marehemu mzazi inaweza kukukalisha sakafuni mchana kutwa. Toa kila kitu kabatini na ukigawe katika mafungu matatu: kinachotumika, kinachofaa kugawiwa, na kinachoweza kufumuliwa au kukatwa kikawa kitu kingine. Kinachogawiwa kiwe safi na kizima. Kumpa jirani sufuria iliyotoboka ni kumbebesha taka yako. Vikombe vya wageni vishushwe kutoka kabati la sebuleni na vinywewe chai kila siku. Mimi nilivitunza vyangu miaka tisa, na siku nilipoanza kuvitumia niligundua kwamba sikuhitaji vikombe vingine.

Usinunue masanduku ya kupangia vitu kabla hujamaliza kupunguza. Wengi wetu tuna rundo la mifuko ya kitambaa iliyojaa majumbani mwetu tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, nayo inatosha kabisa kuhifadhi nyuzi.

Hatua ya pili: chagua sweta inayofumulika

Ninakusihi usome sehemu hii yote kabla ya kushika mkasi. Sweta yangu ya kwanza kuifumua ilikuwa ya rangi ya samli, sufu laini ya kondoo, na niliipenda mno. Nilikata mishono ya pembeni Jumamosi asubuhi, nikavuta uzi, ukatoka kipande cha nusu mita na kukatika. Nikavuta tena, ukatoka kipande kingine cha nusu mita. Nilidhani kosa ni la mikono yangu, nikaendelea hadi jioni, na mwisho wake nilikuwa na lundo la vipande visivyofaa hata kufungia kifurushi.

Sababu ni hii. Sweta zimeshonwa kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza, mbele, nyuma na mikono hufumwa kila kimoja kwa umbo lake kamili, kisha vikaunganishwa kwa uzi mwembamba. Hapo uzi wa kila kipande hauna mkato, huenda na kurudi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Katika namna ya pili, kiwanda hufuma kitambaa kipana, hukikata kwa mkasi kama kitenge, kisha hushona kingo kwa mashine ya ovaloki. Kila mstari wa sweta hiyo umekwisha kukatwa pande zote mbili, na hakuna ustadi utakaouunganisha tena.

Kwa hiyo pindua sweta ndani nje na utazame mshono wa ubavuni mahali penye mwanga. Ukiona nyuzi nyingi nyembamba zimezunguka ukingo na kuuficha, iweke kando, itafaa kujazia mto. Ukiona kingo mbili nadhifu zimelazwa pamoja, na katikati yake mshono mmoja unaofanana na mnyororo, umepata. Hata hapo kagua mambo mawili zaidi. Sweta ya sufu iliyowahi kufuliwa kwa maji ya moto ikagandamana haitafumuka, kwa kuwa nyuzi zimeshikana. Na yenye manyoya marefu hujisokota kila hatua, hivyo anayeanza aiache.

Ikiwa lebo imekatwa na hujui uzi ni wa aina gani, shika kipande cha sentimita tano kwa koleo juu ya sinki na ukiwashe. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua, hujizima yenyewe na kuacha majivu yanayosagika vidoleni. Pamba huwaka kama karatasi. Akriliki, yaani uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki, huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi, na matone yake huchoma vibaya, kwa hiyo watoto wakae mbali. Mimi ninapendelea sufu daima, kwa joto lake na kwa sababu haishiki moto upesi kama akriliki.

Katika sweta tano za yule binti, tatu zilifaa. Sweta moja ya mtu mzima hutoa takriban gramu 300 hadi 500 za uzi, na kwa blanketi letu tatu zilitutosha.

Hatua ya tatu: fumua

Ondoa kola na mikono kwanza, kisha mbavu, kisha mabega. Tumia mkasi mdogo wenye ncha kali. Wembe hauoni tofauti kati ya uzi wa mshono na uzi wa sweta. Anza kufumua kutoka juu, begani, kwa kuwa sweta nyingi hufumwa kutoka chini kwenda juu, na ukianzia chini uzi utakwama katika kila mstari. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti kadiri unavyotoka, kisha fungia shada mahali panne kwa uzi wa rangi nyingine, bila kukaza.

Hatua ya nne: osha

Loweka mashada katika maji vuguvugu yenye sabuni kidogo kwa nusu saa, bila kuyasugua, kisha yaning'inize kivulini. Mawimbi ya uzi yatanyooka yenyewe. Usitundike mzigo mzito chini yake, kwani sufu iliyovutwa ikiwa mbichi hurudi nyuma baadaye na kuipotosha kazi. Maji ya kusuuzia yahifadhiwe ya kupigia deki, hasa kwa sisi tunaopata maji ya mfereji kwa zamu.

Hatua ya tano: fuma miraba

Sindano ya kroshia ya milimita 4, ya alumini. Ya plastiki hujipinda na kukuumiza kifundo cha mkono.

Fuma vitanzi vinne vya mnyororo na uviunganishe viwe duara. Ndani ya duara fuma mishono mirefu mitatu (ule ambao uzi huzungushwa mara moja kwenye sindano kabla ya kuiingiza) na vitanzi viwili, rudia hadi upate mafungu manne, kisha unganisha. Katika kila mzunguko unaofuata, kila pembe hupata mafungu mawili yaliyotengwa na vitanzi viwili, na kila nafasi ya ubavuni hupata fungu moja. Mizunguko sita hivi itakupa mraba wa sentimita 15, na miraba 80, yaani minane kwa kumi, itatoa blanketi la sentimita 120 kwa 150. Uzi ukiwa mwembamba, shika nyuzi mbili pamoja.

Usitafute mifano mingine simuni kila jioni. Mraba huu mmoja unatosha, na kutosha kwake ndiko kulikonituliza. Ninapohesabu mitatu, viwili, mitatu, huku mvuke wa chai ukipanda kutoka kikombe kilichokuwa cha wageni, sina haja ya kitu kilicho dukani. Ninapojiwa na haja hiyo, ninaiandika katika daftari pamoja na tarehe, na sinunui mpaka siku 30 zipite. Mambo mengi niliyoandika Machi niliyafuta mwenyewe Aprili.

Hatua ya sita: unganisha

Laza miraba yote sakafuni kwanza, upange rangi, kisha shona kwa sindano butu mistari yote mirefu kabla ya mistari ya kukatiza. Acha mkia wa sentimita 15 katika kila uzi na uufiche kwa kuurudisha njia mbili. Mkia mfupi huchomoza baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Blanketi la yule binti lilifika miraba 76 katikati ya Julai, na baridi haikumngoja. Alilishona lilivyokuwa, pembe moja ikiwa na pengo la miraba minne, na tangu usiku huo analala nalo. Miraba iliyobaki anafuma Jumapili, na ukingo tutauweka mwishoni.